Soma ufa kabla ya kushika gundi: kwa wanaoanza kutengeneza pinde za zamani

Kabla hujanunua gundi, nunua pamba. Pakiti ndogo ya pamba ya duka la dawa itakufundisha mengi kuhusu upinde wa zamani kuliko chupa kumi za supaglu, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hii ni kuamua. Huu ufa ninaouona ni wa vanishi tu, au ni wa upinde wenyewe? Ukiamua vizuri, matengenezo mara nyingi ni ya jioni moja. Ukikosea, utamrudishia mtu kitu chenye nguvu ya kilo 20 kije kumpasukia karibu na uso.

Nawaandikia vijana wanaopita karakanani kwangu hapa Nakuru wakitaka kujifunza, na wale wa Kisumu, Kakamega na Kitale wanaonitumia picha kwa simu wakiuliza, "Fundi, huu utapona?" Picha haitoshi. Kamera inaonyesha mstari, lakini haikuambii kama mstari huo una kina, na kina ndicho tunachokitafuta.

Upinde ninaouzungumzia ni rikavu, ule ambao ncha zake hupinda kwenda mbele, mbali na anayeuvuta. Ndio aina iliyotumika katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, Shehzana Anwar alipotuwakilisha na kubeba bendera ya Kenya siku ya ufunguzi. Pinde za mashindano kama hayo ni za kufunguliwa: mshiko katikati, kisha mkono wa juu na mkono wa chini unaofungwa na kutolewa. Mkono ukiharibika unaagiza mwingine. Lakini za zamani zinazoletwa kwangu nyingi ni za kipande kimoja. Mikono yake iligundishwa na mshiko kiwandani na haitoki, kwa hiyo ama uitengeneze ilipo, ama upinde mzima uende ukutani.

Elewa kwanza kilichomo ndani. Kuanzia miaka ya 1950 viwanda vya Marekani, kama kile cha Fred Bear pale Grayling, Michigan, vilikuwa vikitengeneza mikono ya upinde kwa matabaka: katikati vipande vyembamba vya mbao, aghalabu mti wa mepo (maple), juu na chini faibaglasi, na gundi kati ya kila tabaka. Upande unaotazama shabaha tunauita mgongo, na unaomtazama mvutaji ni tumbo. Ukivuta, mgongo unanyooshwa na tumbo linabanwa, na gundi ndiyo inayozuia tabaka moja lisiteleze juu ya jingine. Nyuzi za kioo zilizomo ndani ya faibaglasi zimelala kwa urefu wa mkono, kutoka mshikoni hadi nchani. Sasa shika jambo hili hata ukisahau mengine yote. Mstari unaofuata urefu wa mkono umepita kati ya nyuzi. Mstari unaokatiza upana umezikata nyuzi. Wa kwanza mara nyingi hutengenezeka, na wakati mwingine hauhitaji kuguswa kabisa. Wa pili ukiuona, upinde huo umestaafu, hata kama mstari wenyewe ni mfupi na umesimama mahali pasipoonekana.

Upinde wa mti mmoja, kama ule wa wazee wa Kipokot, una sheria zake na mafundi wake. Usichukue haya ninayoyaeleza ukaenda kuyajaribu kwenye upinde wa babu.

Geuza upinde usome maandishi yaliyo mkononi, karibu na mshiko. Utakuta kitu kama AMO 60", kisha 45# @ 28". AMO ni kipimo cha chama cha watengenezaji wa pinde wa Marekani. Hiyo ni kusema upinde ni wa inchi 60, na ugwe, yaani kamba ya upinde, ukivutwa hadi inchi 28 unadai paundi 45, kama kilo 20. Ugwe wa rikavu huwa mfupi kuliko urefu huo kwa inchi 4, kwa hiyo huu unahitaji ugwe wa inchi 56. Andika namba hizo kwenye daftari, pamoja na kila kidonda utakachokiona: uko mkono gani, mgongoni au tumboni, na ni inchi ngapi kutoka nchani. Mteja akirudi baada ya miezi sita utamshukuru aliyeandika.

Uchunguzi unaanza upinde ukiwa umevuliwa ugwe. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Penye jasho na mafuta ya miaka mingi, tumia spiriti kidogo, na ujaribu kwanza pembeni mahali pasipoonekana kwa sababu vanishi nyingine hulainika. Usitumie kiondoa rangi ya kucha, kwani kitakula vanishi yote ukabaki na kazi ambayo hukuombwa. Kisha simama mlangoni. Jua la asubuhi linaloingia kwa ubavu linaonyesha mambo ambayo taa ya dari inayaficha. Zungusha mkono wa upinde polepole mwanga uteleze juu yake.

Nyufa za vanishi utazizoea haraka. Ni nyingi, zinakwenda kila upande, zinakatana ovyo, na hazina kina. Upinde uliokaa miaka kwenye dari ya mabati, mchana joto na usiku baridi, lazima uwe nazo. Ukibaki na shaka, chukua msasa laini wa namba 400, uloweshe, usugue mahali padogo kama kucha. Mstari ukitoweka pamoja na vanishi, ulikuwa wa vanishi. Ukibaki pale pale, uko kwenye faibaglasi, na hapo ndipo unaanza kuuliza unaelekea wapi. Sugua mahali pamoja tu, na uache faibaglasi yenyewe salama.

Sasa pamba. Vuta kipande, kilegeze kiwe kama wingu, kisha kipitishe kingoni mwa mkono kutoka mshikoni hadi nchani, halafu kutoka nchani kurudi. Usitangulize kidole, kwa sababu kibanzi cha faibaglasi ni cha kioo, kikiingia kwenye ngozi hakionekani na kitakusumbua wiki nzima. Pamba itapita, itapita, kisha mahali fulani uzi mmoja mweupe utabaki umening'inia. Weka alama ya penseli hapo. Mara nyingi utakuta kibanzi chembamba kuliko unywele kimeinuka kingoni, mahali ambapo upinde uligongwa na mlango au ulilazwa juu ya kokoto. Pande zote mbili zipite, hasa kwenye ule mpindo wa karibu na ncha, kwa sababu hapo mkono ni mwembamba na watu wengi huupita haraka.

Kutengana kwa matabaka kunataka mbinu nyingine. Kata ukanda mwembamba wa karatasi ya risiti, ile laini ya supamaketi, ujaribu kuuingiza kwenye mistari ya gundi iliyo ubavuni mwa mkono. Mahali pazima karatasi inajikunja. Mahali palipoachana inaingia, na kina inachoingia ndicho kina cha ugonjwa. Tazama kwa makini pale mkono unapotoka kwenye mshiko, mbao inapokuwa nyembamba na kuishia, kwa kuwa ndipo gundi huanza kuachia. Kisha gonga mkono wote taratibu kwa sarafu ya shilingi ishirini. Palipo pazima panalia kwa sauti kavu, na palipoachana sauti inakuwa butu. Mwisho, shika ncha kwa mkono mmoja na mshiko kwa mwingine, ukunje kidogo tu na kuuzungusha kidogo kushoto na kulia huku sikio likiwa karibu. Ukisikia "tik", rudia. Ikilia tena mahali pale pale, kuna kitu kimeachana hata kama macho hayajakiona.

Na tepu zote zitoke. Hili nalisema kwa sababu mzee mmoja kutoka Molo aliniletea upinde wa marehemu babake, mkono wa chini umezungushiwa tepu nyeusi ya umeme, imekazwa vizuri.

"Hiyo ni ya kuupamba tu, kijana," akaniambia. "Upinde ni mzima."

"Sawa mzee. Lakini niruhusu niitoe nione chini."

"Itoe, uone mwenyewe."

Chini ya tepu, upande wa tumbo, kulikuwa na mstari mweupe uliokatiza upana, mfupi kuliko ukucha wa kidole gumba. Ukucha wangu ulinasa ndani yake. Mzee akaweka miwani, akautazama, akasema, "Hiki kitu kidogo hivi ndicho unanikatazia upinde wa baba?" Nikamwambia kidogo ndiyo, ila kimekata, na gundi haiwezi kuunga nyuzi zilizokatika zikabanwa tena mara elfu. Akanipa bei maradufu. Nilikataa, na wewe ukatae. Mtu akikuahidi kwamba hatauvuta, ataning'iniza tu ukutani, jua kwamba ana wajukuu.

Tuseme basi uchunguzi umekwisha na kilichobaki ni vidonda vidogo.

Kazi utakayoifanya mara nyingi zaidi ni kibanzi cha kingoni. Usikivute. Ukikivuta kitakimbia na urefu wa mkono, na kidonda cha nusu inchi kitakuwa cha inchi nne. Safisha kwa spiriti, uache pakauke kabisa. Gundi unayoitaka ni supaglu ile nyepesi kama maji, maana ile nzito ya jeli haiingii ndani. Inua kibanzi kwa ncha ya kijiti cha meno, kidogo tu, kisichozidi pale kilipokuwa kimejiinua chenyewe, kisha gusisha tone moja mdomoni mwa ufa. Subiri na utazame. Ufa uliokuwa mweupe utaanza kuwa mweusi, weusi ukisogea ndani polepole jinsi gundi inavyonyonywa. Weusi ukisimama, ongeza tone. Ukifika mwisho wa ufa, acha. Funika kwa kipande cha karatasi ya nailoni, kisha zungusha kamba ya tyubu ya baiskeli juu yake, ikaze kiasi. Mipira ile waendesha boda boda wanayofungia mizigo haina mfano kwa kazi hii, kwa sababu inabana sawasawa pande zote, tofauti na klampu inayobonyeza mahali pamoja. Madirisha yawe wazi, moshi wa supaglu unachoma macho.

Supaglu inashika kwa sekunde, lakini mimi huacha hadi kesho. Ukifungua, sugua kwa msasa wa 220 kuondoa gundi iliyovimba, kisha 400 ya maji. Sugua kwa kufuata urefu, kamwe usikatize. Vaa barakoa, na msasa uwe umeloa muda wote ili unga wa kioo usiruke. Unga huo usiufute kwa mkono ukaenda kula.

Kibanzi kikiwa kirefu, tuseme inchi moja na kuendelea, baada ya gundi kuna haja ya kuzungushia uzi. Uzi wa fundi cherehani wa poliesta unatosha. Walio Kisumu wana bahati, nyuzi nyembamba za nailoni za kushonea nyavu zinapatikana kwa urahisi na hazigharimu kitu. Zungusha mizunguko ikiwa imelala bega kwa bega bila kupandana, ficha mwanzo na mwisho wa uzi chini ya mizunguko yenyewe, kisha ulowanishe kwa epoksi nyembamba. Ila nailoni hiyo hiyo usiigeuze kuwa ugwe. Nailoni inanyumbuka mno, na ugwe unaonyumbuka kupita kiasi ni hasara kwa mshale na kwa upinde.

Mkwaruzo au pengo dogo kingoni, lisilo na kibanzi, halina mambo mengi. Lainisha kona zake kwa msasa ili zisiwe kali, tia supaglu, sugua, paka vanishi. Kona kali ndiyo adui, kwa kuwa ufa mpya hupenda kuanzia hapo.

Ncha nazo zitazame. Mfereji unaokaa ugwe ukiwa na ukingo mkali utaukata ugwe taratibu kutoka ndani, na ugwe ukikatika ukiwa umevutwa, nguvu yote inarudi kwenye mikono. Tupa ndogo ya duara, kisha msasa uliokunjwa, kisha kamba ya viatu iliyopakwa unga wa kusugulia, uivute mferejini hadi pang'ae. Fuata umbo lililopo. Usichimbe zaidi. Kile kibamba cha juu ya ncha kikiwa kimebanduka, pembe ya ng'ombe inafaa sana. Omba buchani, ichemshe na uikwangue vizuri, iache ikauke wiki kadhaa, kata kipande, sugua pande zote mbili zitakazokutana ziwe na mikwaruzo, kisha gundisha kwa epoksi.

Epoksi yenyewe, chukua ile ya mirija miwili inayokauka polepole, kwa mfano Araldite ya kawaida, uachane na ile ya dakika tano. Ya polepole ni imara zaidi na inavumilia kupindwa. Pima sehemu mbili kwa usawa na uzichanganye mpaka mkono uchoke. Na ukumbuke mahali ulipo. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai ni baridi kweli, na epoksi kwenye baridi inajivuta. Kazi ambayo Kisumu ingekauka kesho, hapa niachie siku mbili. Kuweka upinde karibu na jiko ili kuiharakisha ni kutafuta kidonda kingine.

Matabaka yaliyoachana kidogo yanatumia epoksi hiyo hiyo. Nasema kidogo nikimaanisha karatasi ya risiti imeingia chini ya theluthi moja ya upana, na pengo halijapita urefu wa inchi mbili. Zaidi ya hapo mimi sigusi, ingawa wapo mafundi wanaothubutu. Puliza vumbi litoke, tumia pampu ya baiskeli. Usitie maji wala mafuta. Pasha mirija ya epoksi kwenye maji ya moto kabla ya kuchanganya, itakuwa nyepesi. Isukume ndani kwa wembe uliolazwa au kwa karatasi ngumu, kunja mkono kidogo sana ili pengo lifunguke na kunywa, ongeza, hadi gundi itokee upande wa pili wa pengo. Zungusha nailoni, zungusha tyubu. Hapa wanaoanza hukaza kama wanafunga ng'ombe. Ukikaza hivyo unaikamua gundi yote nje, na tabaka linabaki kavu. Kaza mpaka shanga ndogo za gundi zionekane ubavuni, basi.

Mkono uliopindika kwa ubavu unawatia watu hofu kuliko vyote, na ndio mara nyingi wenye tiba nyepesi. Utaujua upinde ukivishwa ugwe. Ushike mbele yako, ncha ikielekea mbali, jicho lifuate ugwe. Ugwe ukilala katikati ya mkono hadi mferejini, uko sawa. Ukienda pembeni, mkono umepindika. Sababu yake karibu kila mara ni namna watu wanavyovisha ugwe, kwa kupitisha mguu katikati ya upinde na kuukunja kwa paja. Njia hiyo inaukunja mkono na kuuzungusha kwa pamoja. Tumia kamba ya kuvishia, ile yenye vifuko viwili vya ngozi vinavyokaa kwenye ncha. Unakanyaga kamba, unainua mshiko, unatelezesha kitanzi cha ugwe mahali pake. Fundi viatu yeyote atakushonea vifuko hivyo.

Binti mmoja alikuja na upinde kutoka Kisumu akiwa ameambiwa ni wa kutupa, ugwe ulikuwa ukichomoka mferejini. Hakukuwa na ufa hata mmoja. Tulianza bila moto: upinde umevishwa, unashika mkono uliopindika na kuuzungusha upande wa pili, unashikilia dakika chache, unaachia, unatazama. Upinde uliopindika kidogo hunyooka kwa hilo peke yake. Wake haukutosheka, kwa hiyo tukauvua na kuuendea kwa maji ya moto. Joto liwe lile ambalo kiganja kinaweza kuvumilia. Ukishindwa kushika, gundi ya ndani nayo iko hatarini, na gundi za zamani huwezi kujua zitalegea lini. Mwaga maji juu ya sehemu iliyopindika hadi ipate moto sawasawa, zungusha kuelekea upande wa pili kupita kidogo pale unapotaka, shikilia hapo mpaka ipoe kabisa. Kisha kausha, subiri, visha, tazama. Binti aliyatazama hayo yote bila kusema neno, halafu akauliza swali la maana kuliko yote niliyoulizwa mwaka huo: "Sasa kilichoupinda ni nini?" Ilikuwa ni kukaa nyuma ya gari, kona moja imebanwa na mzigo, kwenye jua la Kisumu na madirisha yamefungwa.

Baada ya matengenezo yoyote, hata ya kibanzi kimoja, usiuvute mara moja. Visha ugwe kwa kamba ya kuvishia na upime nafasi kati ya ugwe na mshiko. Kwa upinde wa inchi 60 iwe kati ya inchi 7 na nusu na 8 na robo, au kama kiwanda kilivyoandika. Uongezee mizunguko ugwe ikiwa nafasi ni ndogo. Pima pia kutoka ugwe hadi pale kila mkono unapotokea mshikoni, juu na chini. Huwa zinatofautiana kidogo, milimita chache, na ya juu ndiyo kubwa. Andika. Uache hivyo saa kadhaa, kisha upime tena. Namba za mkono mmoja zikibadilika peke yake, kuna kinacholegea.

Zikisimama imara, funga mshiko kwenye nguzo, pitisha kamba kwenye kapi, usimame mbali, pembeni, ukiwa na miwani ya kazi. Vuta kwa kamba hadi ugwe uwe inchi 10 kutoka mshikoni, mara nyingi, ukisikiliza. Kisha 15. Kisha 20. Katikati ya hatua hizi pita na pamba tena. Ukifika 28 bila sauti wala mabadiliko, hapo ndipo unaweza kutundika mizani ya ndoano na kujua upinde unadai paundi ngapi siku hizi. Usishangae ukikuta pungufu ya zilizoandikwa, na mteja asikulaumu kwa hilo.

Kuna jambo moja litakukera. Kila anayeingia karakanani, awe jirani, awe muuza chai, atauchukua upinde, auvute na kuuachia bila mshale "kusikia nguvu yake." Nguvu ambayo ingeondoka na mshale inabaki mikononi mwa upinde, na kidonda ulichokitibu juzi kinafunguka hapo hapo. Vua ugwe kila unapoondoka mezani. Mimi ugwe naweka mfukoni.

Kuhusu ugwe, mwambie mteja ukweli na umwandikie kwenye karatasi: Dacron tu, uzi wa poliesta unaonyumbuka kidogo. Nyuzi ngumu za kisasa, zile za Fast Flight na jamii yake, zilikuja pinde nyingi kati ya hizi zikiwa tayari zina miaka. Hazinyumbuki, zinapiga ncha kama nyundo kila mshale unapotoka, na ncha za zamani hazikuimarishwa kwa ajili yake. Kwa paundi 45, ugwe wa Dacron B-50 wa nyuzi 14 unafaa. Mitandaoni atauziwa ule mwingine kwa maneno matamu ya kasi.

Nyumbani autundike ukiwa umevuliwa ugwe, umelala juu ya misumari miwili iliyofunikwa mpira, mbali na dirisha na mbali na mabati. Asiuegemeze kwenye kona. Akisafiri na matatu, uwe ndani ya mfuko, na mishale kwenye mfuko wake. Hapa Nakuru kuna watu wazima ambao wakiona upinde mkononi mwa kijana hawakumbuki michezo, na huna sababu ya kuwakumbusha mengine.

Kabla sijamkabidhi, naweka alama mbili nyembamba za kalamu isiyofutika kwenye miisho ya ule ufa uliotengenezwa, moja kila upande, kisha napaka vanishi juu yake. Namwonyesha. Namwambia apige mishale mia kwa utulivu, kisha aniletee upinde tena, bila malipo. Akija, napita na pamba, nawasha tochi, natazama zile alama. Ufa ukiwa bado kati yake, anaondoka nao. Ukiwa umeivuka alama, hata kwa upana wa uzi, navua ugwe na kuukunja, na mjadala wa bei haupo tena.